Simu za sauti na video zinakatika ofisini ingawa nimezipa kipaumbele kwenye ruta

mlinzi_wa_ruta aliuliza:

Ndugu zangu, salamu. Ninasimamia mtandao wa ofisi yenye watu wapatao 40, na kwa miezi mitatu sasa ninahangaika na tatizo moja ambalo limenishinda. Wenzangu hufanya sehemu kubwa ya kazi yao kwa simu za sauti na video zinazopita kwenye intaneti, na karibu kila siku, hasa kati ya saa nne na saa sita mchana, sauti huanza kukatika, picha huganda, na anayezungumza husikika kana kwamba yumo ndani ya pipa. Jambo ambalo sijalielewa ni kwamba sisi huwasikia watu wa nje vizuri kabisa. Wao ndio wasiotusikia. Juzi mwenzangu alirudia sentensi ile ile mara nne kwa mteja, kisha akakata simu na kumwandikia barua pepe.

Laini yetu hupakua kwa megabiti 50 kwa sekunde na kupakia kwa megabiti 10. Awali tulikuwa na 20 kwa 10, tukadhani laini ni ndogo, tukapandisha, lakini hali haikubadilika hata kidogo. Baada ya hapo nilifungua sehemu ya QoS (mipangilio ya kutoa kipaumbele) kwenye ruta, nikaiweka trafiki ya sauti katika foleni ya juu kabisa kwa alama ya DSCP 46 (namba inayoandikwa kwenye data kuonyesha daraja lake), nikaweka video kwa alama ya 34, na trafiki nyingine yote nikaiacha chini. Hakuna kilichobadilika. Nusu ya watumiaji wako kwenye kebo na nusu kwenye Wi-Fi.

Naomba kuuliza mambo mawili. Je, kipaumbele hakifanyi kazi kwa sababu mtoa huduma wetu haziheshimu alama hizo? Na je, ruta yenye nguvu zaidi ingeondoa tatizo hili, au nitakuwa nimetupa fedha za ofisi?

---

foleni_fupi alijibu:

Ndugu mlinzi_wa_ruta, usinunue chochote kwanza. Maelezo yako yana dalili moja muhimu sana, nayo ni hiyo ya kwamba ninyi mnasikia ila hamsikiki. Tatizo liko kwenye upande wa kupakia, upande ambao hamkuupandisha mlipobadilisha laini. Ulikuwa 10 na umebaki 10.

Kipaumbele ni kanuni ya foleni. Kinaamua pakiti ipi, yaani kipande kipi kidogo cha data, itangulie pale ambapo pakiti nyingi zinasubiri mlango mmoja. Mahali ambapo hakuna foleni, kipaumbele hakina la kuamua. Sasa jiulize foleni ya ofisi yenu inajipanga wapi. Ruta yako imeunganishwa na modemu kwa kebo ya gigabiti 1, kwa hiyo kila pakiti inayotoka kwenye ruta huondoka papo hapo, na ruta haioni msongamano wowote. Pakiti zikifika kwenye modemu, ambayo inaweza kutoa megabiti 10 tu kwa sekunde, hapo ndipo zinapoanza kusubiri. Modemu haijui lolote kuhusu kanuni zako. Inapanga pakiti kwa jinsi zilivyofika, na pakiti ya sauti inasimama nyuma ya mafaili makubwa kama pakiti nyingine yoyote.

Ubaya zaidi ni kwamba vifaa hivi hutengenezwa vikiwa na bafa (hifadhi ya muda ya pakiti zinazosubiri) kubwa kupita kiasi, kwa dhana kwamba kutupa pakiti ni kosa. Chukua bafa ya megabaiti 1 kwenye laini ya megabiti 10: ikijaa, pakiti inayoingia mwisho husubiri milisekunde 800 kabla ya kutoka. Pendekezo la ITU-T, chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano, lijulikanalo kama G.114 linataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni hadi sikioni ili mazungumzo yaende kwa kawaida. Tatizo hili la bafa zilizovimba lilielezwa kwa upana na mhandisi Jim Gettys mwaka 2011, na bado liko katika ofisi nyingi ambazo wasimamizi wake wanaamini kwamba laini yao ni ndogo.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, pima. Kaa kwenye kompyuta iliyo kwenye kebo, si Wi-Fi, uache amri ya pingi (inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi) ikiendelea kwenda kwenye anwani moja ya nje. Andika muda unaousoma laini ikiwa tulivu. Kisha, kwenye kompyuta nyingine, anza kupakia faili kubwa na uangalie namba zinavyobadilika. Zikipanda kwa mamia ya milisekunde, umeshapata jibu la swali lako la kwanza, na mtoa huduma hahusiki na alama hata kidogo.

Tiba yake ni kuihamisha foleni kutoka kwenye modemu hadi kwenye ruta yako. Weka ukomo wa kasi ya kupakia kwenye ruta chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Kwa laini yenu anza na megabiti 9. Unapoteza sehemu ndogo ya kasi, lakini tangu hapo modemu haitajaa kamwe, foleni itajipanga ndani ya kifaa unachokitawala, na kanuni ulizoziandika zitaanza kuwa na maana. Upande wa kupakua fanya vivyo hivyo kwa megabiti 45. Huko foleni iko kwa mtoa huduma na huwezi kuigusa moja kwa moja, ila ruta yako ikianza kuchelewesha na kutupa baadhi ya pakiti za upakuaji, seva zinazotuma kwa TCP (utaratibu unaotumika kusafirisha mafaili mengi) hupunguza mwendo zenyewe, na foleni ya kule hupungua.

Kama ruta yako ina chaguo la FQ-CoDel au CAKE, ambazo ni mbinu za kupanga foleni zenyewe, litumie. FQ-CoDel, ambayo imeandikwa rasmi katika RFC 8290 (hati ya kiufundi ya intaneti) ya mwaka 2018, huzigawa pakiti katika foleni nyingi ndogo kulingana na mazungumzo zinakotoka, na mazungumzo yanayotuma kidogo kidogo hupitishwa mbele ya yale yanayomimina. Simu ya sauti kwa asili yake hutuma pakiti ndogo 50 kwa sekunde na si zaidi, kwa hiyo inatangulia bila kuwekewa alama yoyote. Mimi binafsi huanza hapo, na mara nyingi sihitaji kuandika kanuni hata moja ya DSCP.

---

mlinzi_wa_ruta alijibu:

Ndugu foleni_fupi, nakushukuru sana kwa maelezo haya. Nimepima leo asubuhi kama ulivyoagiza. Laini ikiwa tulivu pingi ilisoma milisekunde 14. Nilipoanza kupakia faili ilipanda polepole, 60, 200, 450, na baada ya sekunde chache ikasimama karibu na 900, ikabaki hapo hadi faili lilipokwisha. Nilimwita mkurugenzi wangu akaiona kwa macho yake.

Nimegundua pia kwamba kompyuta ya uhasibu hutuma nakala za mafaili yake kwenye wingu kila siku saa nne kamili. Hilo linaeleza kwa nini wakati ni ule ule.

Hata hivyo, nimekwama tena. Nimeweka ukomo wa megabiti 9 na nimechagua FQ-CoDel, lakini pingi bado inafika 900. Nilipofungua ukurasa wa foleni, kaunta ya pakiti zilizopita inasoma karibu sifuri, hali nikijua kwamba ofisi nzima inafanya kazi. Ni kana kwamba trafiki haipiti huko kabisa.

---

foleni_fupi alijibu:

Haipiti huko kweli, na ni vizuri kwamba uliangalia kaunta badala ya kudhani. Ruta nyingi zina njia ya mkato: muunganisho ukishakubaliwa na ngome ya usalama, pakiti zake zinazofuata hupitishwa moja kwa moja bila kupita kwenye hatua nyingine, ili kupunguza kazi ya prosesa. Kwenye ruta za MikroTik njia hiyo huitwa FastTrack, na watengenezaji wengine huipa majina mengine. Faida yake ni kasi. Hasara yake ni kwamba foleni nazo hurukwa. Zima njia hiyo, anzisha ruta upya ili miunganisho ya zamani ikatike, kisha pima tena. Uangalie na mzigo wa prosesa, kwa sababu sasa itafanya kazi ambayo awali ilikuwa inaikwepa; kwa laini ya megabiti 50 sitarajii ikuletee shida.

Na nakala za uhasibu zihamishie usiku. Foleni ikipangwa vizuri hazitaharibu simu tena, lakini hakuna sababu ya kuzituma saa ya kazi.

---

nyaya_na_mawimbi alijibu:

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa, kwa kuwa ndugu muuliza swali alisema nusu ya watu wake wako kwenye Wi-Fi. Hata foleni ya ruta ikiwa nzuri kabisa, hao wataendelea kulalamika iwapo hewani hakujatengenezwa.

Kebo ya kila kompyuta ni barabara yake peke yake, ila hewa ni moja kwa wote. Kinachogawanywa hewani ni muda, na kompyuta iliyo mbali na kituo cha Wi-Fi hutumia muda mwingi kusema jambo lile lile. Pakiti ya baiti 1500 inayotumwa kwa megabiti 300 huchukua takribani milisekunde 0.04 ya hewa. Ikitumwa kwa megabiti 6, kwa sababu aliyeituma yuko nyuma ya kuta tatu, huchukua milisekunde 2, yaani mara 50. Mtu mmoja aliye pembeni anayepakua faili anaweza kuwachelewesha wote walio karibu na kituo. Kwa hiyo zima kasi za chini kabisa kwenye mipangilio ya kituo, wahamishie watu wa simu kwenye masafa ya GHz 5, na kama bado una vituo vya GHz 2.4 hakikisha vimewekwa kwenye chaneli 1, 6 na 11 pekee, kwa kuwa hizo ndizo zisizoingiliana.

Kipaumbele cha hewani kinaitwa WMM, nacho kina madaraja manne: sauti, video, kawaida, na trafiki inayoweza kusubiri. Hapa kuna mtego ambao umewasumbua wasimamizi wengi makini. Alama ya 46, ikiandikwa kwa 0 na 1 tu kama kompyuta zinavyofanya, ni 101110. Vituo vingi huchukua biti tatu za mwanzo tu, yaani 101, ambazo ni 5, na kwenye WMM namba 5 iko katika daraja la video. Daraja la sauti huanzia 6. Matokeo yake, sauti uliyoipa heshima ya juu kwenye ruta hushushwa hewani ikagombania nafasi na video. RFC 8325 ya mwaka 2018 iliandikwa kurekebisha jambo hili, na inataka 46 ipelekwe kwenye 6. Fungua jedwali la ulinganisho kwenye kidhibiti chako cha Wi-Fi na ulisome kwa macho yako. Usiamini kwamba limewekwa sawa kwa sababu tu kifaa ni kipya.

Vyumba vya mikutano, kwa maoni yangu, vivutiwe kebo. Chumba chenye kamera, skrini na watu kumi wanaosubiri hakipaswi kutegemea hewa.

---

sauti_kwanza alijibu:

Ninakubaliana na wenzangu kwa sehemu kubwa, ila ndugu foleni_fupi ametupa alama za DSCP kando haraka kidogo, na ningependa kuzitetea, kwa sababu nimefanya kazi na ofisi ambazo FQ-CoDel peke yake haikuzitosha.

Sababu ya kwanza ni video. Simu moja ya sauti kwa kodeki (mbinu ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hubeba baiti 160 za sauti katika kila pakiti pamoja na baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP (maelezo ya kuisafirisha), pakiti 50 kwa sekunde, jumla kilobiti 80 kwa sekunde. Huo ni mwendo mdogo na FQ-CoDel huutambua mara moja. Lakini video hutuma megabiti 1 hadi 2 kila upande, na machoni pa ruta inafanana na upakiaji wa faili. Watu watano wakiwa kwenye video, laini yako ya megabiti 9 imekaribia kujaa kwa simu tupu, na hapo ndipo unapotaka kuiambia ruta waziwazi kwamba sauti ni ya kwanza, video ya pili, na mafaili baadaye. Mtu huvumilia picha yenye ukungu. Sauti ikikatika, mkutano umekwisha.

Sababu ya pili ni VPN. Kama ofisi yenu huunganishwa na tawi au makao makuu kwa njia iliyofichwa, ruta huona mtiririko mmoja tu mnene, na mafaili pamoja na simu yamefungwa humo. Haiwezi kuyatenganisha. Hakikisha alama inawekwa kabla ya pakiti kufungwa, na kwamba kifaa cha VPN kinainakili alama hiyo kwenye kichwa cha nje.

Sasa, ndugu mlinzi_wa_ruta, hukutuambia jambo moja: alama ya 46 inawekwa na nani? Kuandika kwenye ruta kwamba 46 ipite kwanza hakusaidii ikiwa hakuna anayeibandika. Kwenye Windows programu haziruhusiwi kujiwekea alama zipendavyo. Msimamizi ndiye anayepaswa kuunda sera inayosema kwamba programu fulani, ikitumia porti fulani (namba ya mlango wa programu), ipewe alama fulani. Kwa mfano, Microsoft Teams ina mpangilio uliopendekezwa ambapo sauti hutumia porti 50000 hadi 50019 upande wa mtumiaji, video 50020 hadi 50039, na kushiriki skrini 50040 hadi 50059, na ni juu yako kuziwasha porti hizo na kuziandikia sera. Kisha kuna swichi. Baadhi ya swichi, mara tu unapowasha QoS, huanza kwa kutoamini mtu yeyote na kurudisha kila alama kuwa 0 mpaka uiambie porti husika, yaani tundu la kebo, iamini. Nimewahi kushinda siku nzima nikitafuta kosa kwenye ruta, kumbe alama zilikuwa zinafutwa mita mbili kutoka kwenye kompyuta. Kamata pakiti chache kwa Wireshark (programu ya kukagua pakiti) kwenye kompyuta, kisha ukamate nyingine kwenye mlango wa ruta, ulinganishe. Usipoiona 46 sehemu zote mbili, kosa liko katikati.

Angalizo la mwisho ni kuhusu foleni ya kipaumbele kamili. Iwekee ukomo. Desturi ya siku nyingi ni kutoizidisha theluthi moja ya laini, ambayo kwako ni megabiti 3 za kupakia, na hizo zinatosha simu za sauti zaidi ya 30 kwa wakati mmoja. Usiweke video humo. Ukiiweka, itameza foleni nzima na sauti itarudi kukatika kama ilivyokuwa.

---

foleni_fupi alijibu:

Ndugu sauti_kwanza amenisahihisha vizuri kuhusu video na VPN, na ninalipokea hilo. Nitashikilia neno moja tu, nalo ni mpangilio wa kazi: kwanza ukomo wa kasi, kisha alama. Alama zilizowekwa kwa uangalifu mkubwa huku foleni ikiwa bado kwenye modemu hazitabadilisha chochote, na msimamizi atakata tamaa kama alivyokuwa amekata mwenzetu huyu.

Kuhusu alama kupuuzwa na mtoa huduma, ni kweli kwamba kwenye intaneti ya kawaida hupuuzwa au hufutwa. Hilo lisikusumbue. Mahali penye dhiki ni mlango wako wa kutokea, na huo sasa ni wako.

---

mlinzi_wa_ruta alijibu:

Ndugu zangu, nimechukua siku tisa kabla ya kurudi kwa sababu nilitaka kuona wiki nzima ya kazi.

Nilizima njia ya mkato na kuanzisha ruta upya. Kaunta zilianza kuhesabu papo hapo, na pingi wakati wa kupakia ilishuka kutoka 900 hadi kati ya 19 na 24. Prosesa ya ruta imepanda kutoka asilimia 6 hadi 31 wakati wa shughuli nyingi, kwa hiyo hakuna ruta mpya itakayonunuliwa. Nakala za uhasibu sasa huanza saa tano usiku.

Swali la ndugu sauti_kwanza lilinipata. Hakuna aliyekuwa anaweka alama. Nilikamata pakiti kwenye kompyuta tatu na zote zilisoma 0. Kanuni zangu za 46 na 34 zilikuwa zikisubiri pakiti ambazo hazikuwepo. Nimeandika sera ya Windows kwa ajili ya programu yetu ya simu, nikaziambia porti za swichi ziamini alama, na sasa ninaiona 46 kuanzia kwenye kompyuta hadi mlango wa ruta. Foleni ya sauti nimeipa ukomo wa megabiti 3.

Kwenye Wi-Fi jedwali lilikuwa kama lilivyoelezwa na ndugu nyaya_na_mawimbi: 46 ilikuwa inapelekwa kwenye 5. Nimeibadilisha kuwa 6 na kuzima kasi zote zilizo chini ya megabiti 12. Kompyuta mbili za zamani zilipoteza mtandao, nikazivutia kebo.

Walio kwenye kebo hawajalalamika hata mara moja tangu Jumatatu iliyopita. Kwenye Wi-Fi imebaki kona moja, upande wa stoo, ambako simu bado hukatika mtu anapotembea akizungumza. Inaonekana simu yake inang'ang'ania kituo cha mbali badala ya kuhamia cha karibu. Nimeanza kwa kupunguza nguvu ya mawimbi ya kituo kile cha mbali, na kesho nitapima nikitembea njia ile ile nikiwa na pingi mkononi.